Kwanza Isimame

Mpwa wangu alinijia Jumapili moja baada ya ibada, daftari kwapani. Aliniamkia, akakaa, akapokea chai, ndipo akalifungua daftari katikati na kunisogezea. "Mjomba, nisomee mpango wangu. Niambie ukweli, usinionee aibu."

Ulikuwa mpango wa kuiongezea nguvu pikapu yake, Hilux Vigo yenye injini ya 2KD, dizeli ya lita 2.5. Mistari 11, kila mmoja na bei yake pembeni. Chipu ya kompyuta ya injini. Ekzosi ya nchi 3 kutoka mwanzo hadi mwisho. Kuziba EGR. Tabo kubwa ya mtumba. Intakula ya mbele. Nozeli kubwa. Klachi ngumu. Filta ya hewa ya wazi. Matairi makubwa. Kuinua gari nchi 2. Taa. Chini kabisa jumla, imepigiwa mistari miwili: shilingi milioni 9 na laki 2.

Niliusoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa natafuta neno moja tu, breki. Halikuwamo.

Kijana si mjinga. Ana diploma ya umeme, anasafirisha vifaa vya ujenzi kutoka Dar es Salaam hadi Iringa, na hesabu zake za biashara ni safi kuliko zangu. Bei zile alizihakiki Gerezani, duka kwa duka. Aliweka hata akiba ya dharura. Kila kilichohusu kwenda kilikuwamo, na kilichohusu kusimama hakikumjia akilini hata kidogo.

Nayaandika haya kwa sababu mpango ule si wake peke yake. Nimeukuta kwenye gereji za Dar, Morogoro na Iringa, umeandikwa kwa miandiko tofauti, kwa magari tofauti, na umekosa mstari uleule. Nasema ni mpango mbaya, na ubaya wake haurekebishiki kwa kuongeza mstari wa 12, kwa kuwa umeanzia mwisho. Mpango wa kuongeza nguvu ya gari la barabarani unapaswa kuanza na breki, uende kwenye matairi na springi, upite kwenye rejeta, na mwisho kabisa ndipo uiguse injini. Anayeanza na injini anakopa. Na mara nyingi deni hulipwa na mtu mwingine, aliyekaa nyuma juu ya mzigo.

Najua, kwa sababu mimi niliwahi kuuandika mpango huohuo.

*

Pikapu yangu ilikuwa Hilux ya 5L. Wanaoijua watatabasamu. Cc 2,986, silinda nne, pampu ya dizeli isiyotegemea kompyuta, haina tabo. Siku ilipotoka kiwandani ilikuwa na nguvu za farasi kama 100, na ilipofika mikononi mwangu ilikuwa imeshapoteza kadhaa. Nilikuwa nikipandisha bati na saruji Iringa, nikishuka na viazi.

Iringa mjini ni zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar kwa asilimia 14 hivi, na injini isiyo na tabo haina pa kujitetea: hewa ikipungua, nguvu nayo hupungua karibu kwa kiasi hichohicho. Farasi 100 wanaoondoka Kariakoo hufika Iringa 86. Kumi na wanne wamebaki njiani na hakuna fundi aliyewagusa. Weka juu yake mzigo na mlima wa Kitonga, utaelewa kwa nini dereva wa 5L huwa na muda wa kusoma maandishi yote nyuma ya lori lililo mbele yake.

Kwa hiyo nakubali mapema: tabo, kwa mtu wa njia ile, haikuwa wazo la kipuuzi. Tabo husukuma hewa ndani ya injini, hivyo hurudisha kile ambacho mwinuko umekinyang'anya. Nilinunua moja ya mtumba, fundi akaichongea mabomba, akafungua pampu kidogo ili dizeli iongezeke kulingana na hewa mpya. Nikavua matairi ya 205R16 nikavika ya 265/75R16, kwa sababu gari lenye nguvu lazima lionekane lina nguvu. Na kwa kuwa sasa lingeweza kubeba zaidi, nikaongeza bapa moja kwenye springi za nyuma, zile za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine.

Mara ya kwanza kupanda Kitonga na gari lile niliyapita malori ya Zambia kama yameegeshwa. Utingo wangu, kijana wa miaka 22, alikuwa amekaa juu ya saruji nyuma, akapiga paa la kebini kwa kiganja mara tatu na kupiga kelele za furaha. Nami nilipiga honi bila sababu. Furaha ile siikani. Mtu anayekwambia kwamba gari ni chombo cha kazi tu na raha haina nafasi, huyo hajawahi kupandisha mlima uliomdhalilisha kwa miaka sita na siku moja ukanyenyekea.

Miezi minne baadaye nilikuwa nikishuka mlima uleule na gunia 12 za viazi. Zilikuwa za lumbesa, kila moja kilo 120 kwa makadirio ya chini. Hiyo ni karibu tani moja na nusu kwenye pikapu ya tani moja. Nilizoea kushuka na gia ya pili, lakini siku ile nilishuka na ya tatu kwa sababu gari lilishanizoesha kwamba linaweza. Nusu ya njia pedali ya breki ikawa laini. Nikapampu. Kona iliyofuata ikazama mpaka sakafuni, kama mtu anayekanyaga tope.

Kushoto kulikuwa na ukuta wa mlima, kulia bonde. Niliuchagua mlima. Tulikwaruza mawe kwa meta 30 au 40, gari likalala upande, viazi vikatawanyika barabarani. Utingo alirushwa. Nyonga ilivunjika, na mguu wa kushoto mahali pawili. Mimi nilitoka na mchubuko kwenye kiwiko.

*

Kwa miaka kadhaa nilisema breki zilifeli. Watu walinipa pole, wakasema ni mapenzi ya Mungu, na trafiki aliandika maelezo yanayofanana na hayo. Lakini breki hazikufeli. Zilifanya kazi mpaka mwisho wa uwezo wake, na uwezo wake niliupunguza mimi, hatua kwa hatua, kwa fedha zangu mwenyewe. Ngoja nilipe kila kosa jina lake.

Anza na matairi. Tairi la 265/75R16 lina kipenyo kikubwa kuliko la 205R16 kwa asilimia 9 hivi. Maana yake kila gia inakuwa ndefu zaidi, na injini inalishika gari kwa udhaifu zaidi kwenye mteremko. Maana yake pia diski na ngoma zilezile lazima zikaze zaidi ili kupata mpunguo uleule, kwa sababu tairi kubwa ni wenzo mrefu mkononi mwa barabara. Na spidomita inadanganya: inaposoma 80, kasi ya kweli inakaribia 88. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini nishati ya mwendo hupanda kwa mraba wa kasi. Kutoka 80 hadi 88 nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza huongezeka kwa asilimia 21. Nilikuwa nimejiongezea mzigo wa moja ya tano na dashibodi haikuniambia.

Kisha lile bapa la springi. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu ni mafundi wachache walioweza kunieleza na mimi sikuwa nimeuliza. Karibu na ekseli ya nyuma ya pikapu nyingi kuna vali ndogo yenye mkono wa chuma. Kazi ya mkono ule ni kupima gari limeinama kiasi gani. Likiinama, vali inajua kuna mzigo, inaziachia breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Likiinuka, inajua gari ni tupu, inazibana ili matairi ya nyuma yasijifunge na kuteleza. Mimi niliongeza bapa, gari likawa haliinami tena kama zamani. Vali ile ikaamini kwamba tani moja na nusu ya viazi ni hewa. Breki za nyuma zikapewa nguvu ya gari tupu, na kazi yote ikaangukia mbele.

Halafu mafuta ya breki. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi 205. Lakini hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na yakishakunywa maji ya kutosha kiwango hicho hushuka hadi kama nyuzi 140. Yakichemka, ndani ya bomba kunakuwa na mvuke, na mvuke hubanwa kama sponji. Ndiyo pedali kuzama. Yangu sikumbuki niliyabadilisha lini. Nilikuwa nikiyaongeza tu yakipungua, kama mtu anayeongeza maji kwenye mtungi bila kuuosha.

Mwisho, mteremko wenyewe. Gari la tani 3 likishuka meta 100 za wima, kuna nishati ya karibu megajuli 3 ambayo lazima iende mahali. Inatosha kuchemsha lita 8 au 9 za maji ya bomba, karibu nusu ndoo. Sehemu inamezwa na injini kama uko kwenye gia ndogo. Inayobaki inakwenda kwenye vipande vya chuma unavyoweza kuvikumbatia kwa mikono miwili. Sasa hesabu mteremko mzima.

Ukitazama orodha hiyo, hutaiona tabo. Tabo haikuvunja kitu siku ile. Ilichofanya ni kunishawishi kwamba gari limekuwa gari jingine, wakati kuanzia kwenye klachi kurudi chini lilikuwa lilelile, tena limedhoofishwa.

*

Najua majibu, kwa sababu mpwa wangu alinipa yote kabla chai haijapoa.

La kwanza: nguvu ni usalama. Gari lenye nguvu linapita lori haraka na kurudi upande wake. Kuna ukweli hapa na sitaupinga. Pikapu dhaifu inayojikongoja upande usio wake, huku basi linakuja, ni hatari tupu. Lakini dereva aliyeongeza nguvu hapiti malori yaleyale kwa usalama zaidi. Anapita mengi zaidi, mahali ambapo zamani asingejaribu, na siku akikosea hesabu kitakachomwokoa ni breki. Usalama wa nguvu una masharti, na sharti lake halikuwamo kwenye daftari.

La pili: fedha. Sisi si matajiri, gari jipya hatuliwezi, tunaboresha tulicho nacho. Naliheshimu jibu hili kuliko yote, na ndilo linalouangusha mpango kwa urahisi kuliko yote. Pedi, breki shuu, kuchongesha diski na ngoma, mipira mipya ya breki na mafuta mapya, vyote kwa pamoja havikufikia robo ya bei ya tabo na intakula katika daftari lile lile. Nilimwambia aende kuuliza, akarudi na bei. Fedha ilikuwapo. Kilichokosekana ni hamu.

Na hapa ndipo ninapotaka kugombana hasa. Hamu hii tunaijenga sisi wenyewe. Hakuna anayepiga picha breki shuu. Hakuna anayesimama gereji na kuwaita wenzake waje wasikilize jinsi gari linavyosimama. Ekzosi ya nchi 3 inasikika mtaa wa tatu; vali ya breki haisikiki popote. Fundi anajua hivyo. Fundi mzuri anajua zaidi ya tunavyomlipa aseme, lakini mteja anayekuja na laki 8 mkononi na kutaka moshi, akiambiwa kwanza alete gari lipimwe breki, atakwenda gereji ya jirani. Tumewafundisha mafundi wetu kunyamaza, halafu likitokea la kutokea tunawaita spana mkononi.

Na huo moshi mweusi unaoshangiliwa ni nini? Ni dizeli iliyokosa hewa ya kuunguzwa. Ni fedha yako inatoka nyuma ikiwa haijafanya kazi. Shirika la Afya Duniani, kupitia chombo chake cha utafiti wa saratani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani, mwaka 2012. Anayeuvuta si dereva aliyepandisha vioo. Ni mama wa chapati kando ya kituo, bodaboda aliye nyuma yako, na utingo wako.

Jibu la tatu mpwa wangu alilitoa akiwa amesimama: gari ni langu. Ndiyo, kadi ina jina lako. Lakini nyuma ya pikapu zetu hukaa watu. Tunapakia mafundi ujenzi, wapiga zege, waombolezaji wa msibani, kwaya, wanafunzi waliochelewa. Hakuna mmoja kati yao aliyeliona daftari lako. Utingo wangu hakuulizwa kama anakubali matairi ya 265. Alikubali kazi ya kupakia viazi kwa ujira wa siku.

*

Sasa mpango wenyewe, kwa utaratibu ninaoutetea. Kwa kuwa mtu asiyependekeza kitu ni mlalamikaji tu.

Kabla ya kununua chochote, andika gari lako linafanya nini. Uzito wa kweli, siyo ule wa kumwambia askari wa mizani. Njia gani, milima gani, mara ngapi kwa mwezi. Anayezunguka Dar siku nzima, ambako kwenye makazi ya watu kikomo ni kilomita 50 kwa saa na foleni hairuhusu hata hiyo, hana tatizo ambalo tabo kubwa inalitatua. Tabo kubwa huchelewa kuamka. Utakuwa umenunua nguvu inayofika ukiwa umeshafika kwenye taa nyekundu.

Kisha tafuta nguvu uliyoipoteza kabla ya kununua nyingine. Hili ni somo nililolipata baada ya ajali, kwa fundi mzee wa pampu. Alipoichukua injini yangu alipima kompresheni silinda moja moja, akakuta mbili zimechoka. Alipima nozeli, moja ilikuwa inadondosha badala ya kunyunyiza. Waya wa mafuta ulikuwa umelegea kiasi kwamba hata nikikanyaga hadi sakafuni mkono wa pampu haukufika mwisho wake. Kuukaza kulimchukua dakika 10. Breki moja ya nyuma ilikuwa inakaba, gari linavutwa nyuma saa zote. Sikuwa na injini dhaifu. Nilikuwa na injini mgonjwa, na nikaipa dawa ya kuongeza misuli.

Hapo pia kuna mafuta. Sisi ni watu wa nchi iliyolazimika kuliokota neno uchakachuaji na kulitumia kila siku, mpaka EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Ukiilisha dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa unaisaga polepole. Filta nzuri na kituo unachokiamini ni nguvu za farasi pia.

Baada ya hapo, breki: pedi, shuu, mipira, mafuta mapya, na ile vali ya nyuma irekebishwe kila unapogusa springi. Matairi yawe ya kipimo ambacho gari linakijua na yenye uwezo wa mzigo wako, na shokapu ziwe hai.

Kisha joto. Kuna tabia ya kung'oa themostati injini ikichemka mara moja, na kujaza rejeta maji ya bomba. Themostati haikuwekwa kwa mapambo. Bila hiyo injini hukimbia na ubaridi, huunguza vibaya, hujichakaza, na ugonjwa wa kweli, labda rejeta iliyoziba, unabaki umejificha hadi siku ya mlima. Huko Iringa maji yasiyobanwa huchemka kwa nyuzi kama 95, siyo 100. Mfuniko wa rejeta unaoshika vizuri na kipoozi sahihi vina thamani zaidi ya stika yoyote ubavuni.

Hapo, na hapo tu, injini. Na hata hapo kwa kiasi. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660, na moto ndani ya silinda unazidi hapo kwa mbali sana. Pistoni huishi kwa sababu tu joto linaondolewa haraka kuliko linavyoingia. Ukifungua pampu umebadilisha hesabu hiyo. Asiyefunga geji ya joto la ekzosi kabla ya kuongeza dizeli anapika gizani. Injini ya 5L ilibuniwa bila tabo na ina mgandamizo unaozidi 20 kwa 1. Inaweza kuvumilia tabo ya upole. Haiwezi kuvumilia sifa.

Kwa 2KD ya mpwa wangu hadithi ni nyingine kidogo, nami nilimpa haki yake. Toyota wenyewe waliiuza injini hiyo ikiwa na farasi 102 kwenye baadhi ya magari na 144 kwenye mengine. Nafasi ipo. Lakini tofauti ile haikuletwa na kiboksi cha chipu. Ililetwa na tabo ya aina nyingine, intakula na mfumo mzima uliopangwa pamoja. Viboksi vingi vya bei rahisi huunganishwa kwenye waya wa kipima shinikizo cha dizeli na kazi yake ni kuidanganya kompyuta kwamba shinikizo liko chini, ili ipandishe. Nozeli za injini zile hufanya kazi kwa shinikizo linalozidi mara 1,000 ya hewa tunayovuta. Huo si mfumo wa kuupa habari za uongo.

Na karatasi. Kadi ya gari ina namba ya injini. Ukibadilisha injini, kadi nayo lazima ibadilike. Na bima imejengwa juu ya kusema ukweli: ukificha mabadiliko makubwa umempa mtoa bima sababu ya kukataa siku unapomhitaji. Mimi nilikuwa na bima ya mtu wa tatu, nikaja kujua kwamba utingo wangu, kwa maelezo waliyonipa, hakuwa mtu wa tatu wala wa pili. Hakuwa mtu yeyote.

*

Anatembea na fimbo sasa. Ana kibanda cha fedha za simu, na huwa napita nikienda Iringa. Hajawahi kunilaumu, jambo ambalo si rahisi kulibeba kama mtu anavyodhani. Mama yake alinilaumu mara moja, pale wodini, kisha akaniomba radhi kwa kunilaumu. Mwaka jana tukiwa tumekaa nje ya kibanda aliniuliza, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeulizia hali ya hewa, "Bosi, ile tabo uliipeleka wapi?"

Nilimwambia niliiuza. Ndivyo nilivyopata sehemu ya fedha za hospitali. Mtu alikuja kuifuata Mbezi, na pikapu inayofanana na yangu, akatoa laki 9 bila kubisha sana. Alikuwa na haraka, alikuwa na safari ya Njombe wiki hiyohiyo. Nyuma ya gari kulikuwa na kijana ameketi juu ya tairi la akiba. Tuliifunga tabo kwenye gunia, yule kijana akaipokea na kuipakata kama mtoto.

Sikumwambia yule bwana kitu. Aliuliza kama inavuja mafuta, nikajibu haivuji. Aliuliza kama inavuta, nikajibu inavuta sana. Yote yalikuwa kweli.

Mpwa wangu alirudi wiki mbili baadaye na ukurasa mpya. Breki zilikuwa mstari wa kwanza. Chipu ilikuwa imekatwa. Tabo bado ilikuwamo, mstari wa 9, na matairi makubwa alikataa katakata kuyaacha, tukabishana hadi saa nne usiku. Sijamshinda. Lakini gari lake juzi lilipimwa breki na kukutwa gurudumu moja la nyuma halikamati kabisa. Alikuwa akilikimbiza hivyo kwa muda asioujua, na mpango wa milioni 9 mfukoni.

Na wewe bwana wa Mbezi, kama bado unayo ile tabo, nakwambia leo nilichopaswa kukwambia siku ile. Mwaga mafuta ya breki ya zamani, weka mapya. Mwambie fundi aangalie ile vali iliyo juu ya ekseli ya nyuma. Ukifika Kitonga ukiwa umepakia, ingiza gia ya pili kabla mteremko haujaanza. Na yule kijana, mkalishe mbele.